Kuteseka muda mrefu siyo dalili ya imani ndogo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua huwa mnazikata zikiwa ndefu ila hii nawasihi muiache kama ilivyo maana nimekaa nayo moyoni muda mrefu, na mimi siyo mtu wa kuandika andika magazetini, ni mama wa Walukuba hapa Jinja, nauza mukene, yaani hao dagaa, nautoa mwaloni Masese naupeleka sokoni.

Kuna mafundisho yamezagaa sana siku hizi. Utayasikia redioni alfajiri, utayasikia kwenye mikutano ya nje pale kiwanjani, na juzi juzi msomaji mwenzetu kayaleta kwenye ukurasa huu huu, kaandika vizuri tu kwa heshima, kwamba mtu anayemtumaini Mungu kwelikweli shida haiwezi kukaa kwake muda mrefu, na ikikaa basi ajichunguze, pengine imani yake ni ndogo, pengine kuna laana ya ukoo haijavunjwa, pengine kuna sadaka alitakiwa kutoa hajaitoa. Sina ugomvi na huyo ndugu, naamini alitaka kutia watu moyo. Lakini mafundisho hayo yanaumiza, tena yanawaumiza wale wale ambao tayari wameumia, na mimi nayakataa kwa nguvu zangu zote, na nayakataa kwa sababu namwamini Mungu.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mageti na madirisha ya nyumba nyingi za huku kwetu ni mkono wake. Miaka kadhaa iliyopita presha ilimpanda akapigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito hata jina langu akawa analitafuta. Tangu hapo yuko nyumbani. Tumeomba, mimi na yeye na kanisa, watoto wamefunga wenyewe bila kuambiwa na mtu. Bado hajapona, anatembea kidogo kwa fimbo, mkono haukamati kitu. Sasa katika kipindi kile cha mwanzo alikuja mtumishi mmoja nyumbani, sitamtaja, akakaa kwenye kiti akamwangalia mume wangu pale alipolala halafu akaniuliza mimi mbele yake, mama, mmefanya nini katika nyumba hii? Akasema kuna mlango uko wazi katika ukoo na kuufunga kunahitaji mbegu, yaani sadaka ya pesa, akataja na kiasi. Mume wangu haongei vizuri lakini masikio yake ni mazima. Aliyasikia yote. Usiku ule alilia nikawa nampangusa machozi maana mkono wake mwenyewe haufiki vizuri usoni, na lile neno kwamba pengine yeye ndiye kaleta balaa nyumbani lilimkaa miezi na miezi, lilimtesa kuliko hata ugonjwa.

Mtu aliyeanguka unamwongezea na hatia juu. Hiyo ndiyo imenitoa kwenye kunyamaza.

Hebu niulize. Askofu Mkuu Janani Luwum imani yake ilikuwa ndogo? Kila tarehe 16 Februari nchi nzima hapa Uganda tunapumzika kwa ajili yake, ofisi zimefungwa, benki zimefungwa, na watoto wengi wanajua tu kwamba leo hakuna shule. Mwaka 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kulalamika jinsi watu wanavyouawa na kupotea, na hawakujificha, waliweka majina yao. Siku chache baadaye wakaitwa wote, wenzake wakaambiwa nendeni nyumbani, yeye akabakizwa, halafu ikatangazwa kwamba kafa kwenye ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi. Nani aliamini? Mwili ulipelekwa kwao Mucwini kule Kitgum ukazikwa huko, kaburi lililokuwa limechimbwa kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, likabaki tupu, na watu wakafurika hivyo hivyo wakaimba mbele ya kaburi lisilo na mtu. Na mwaka ule ule ndio Kanisa la Uganda lilikuwa linatimiza miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wafike mwaka 1877. Yaani sherehe ya miaka 100 na askofu mkuu kauawa. Sijawahi kusikia kwamba kuna mtu alisimama pale akasema marehemu alikuwa na mlango wazi.

Na mashahidi wetu wa Namugongo? Tarehe 3 Juni mnaona wenyewe watu wanavyomiminika, wengine wanatembea kwa miguu wiki nzima na zaidi, wengine wanatoka Kenya na Tanzania, miguu imevimba lakini wanaimba. Wale tunaowakumbuka pale, Karoli Lwanga na vijana wenzake wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walikuwa watu wa sala kweli, Kizito alikuwa bado mtoto, miaka kama 14 tu, kabatizwa wakati kifo kimeshakaribia. Waliomba, na moto ukawashwa mwaka 1886. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 kwa ujumla, wengine walichomwa, wengine walikatwa. Tunarudi kutoka Namugongo na maji kwenye vidumu na ni vizuri, hata mimi nimeleta, ila mtu anayechota yale maji halafu anamwambia jirani yake kwamba Mungu huwa anamtoa kila mwenye imani kabla moto haujamgusa, huyo hajasikiliza habari ya mahali alipokwenda.

Lakini kwangu mimi ushahidi unaonigusa kuliko yote ni wa Aboke, kwa sababu ile siyo historia ya mababu, watu wa umri wangu tuliisikia redioni, na ni habari ya wazazi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, watu wametoka tu kusherehekea Uhuru, waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's Aboke kule Lango wakachukua wasichana 139. Naibu mkuu wa shule, Sista Rachele Fassera, mtawa kutoka Italia, alifuata nyayo zao porini kwa miguu yeye na mwalimu mmoja wa kiume, hana bunduki hana askari, akawafikia, akawasihi, akarudi na wasichana 109. Thelathini wakabakizwa.

Watu wengi wakiisimulia hii habari kanisani huwa wanaishia hapo, 109, Mungu kajibu, haleluya. Na kweli ni jambo la kumshukuru Mungu, yule sista alifanya kitu ambacho majeshi hayakuweza. Ila mimi siku zote huwa nawaza wale 30. Wazazi wao waliomba kama wazazi wa wale 109 walivyoomba, misa ni ile ile, rozari ni ile ile, machozi ni yale yale, halafu magari yakaja, wengine wakakumbatia mabinti zao na wengine wakabaki wamesimama wanahesabu nyuso. Ukiniambia tofauti kati ya hawa na wale ilikuwa imani, basi nakuomba upande basi uende Lira ukawaambie wenyewe.

Mmoja wa wazazi hao, mama Angelina Atyam, ni muuguzi mkunga wa Lira, binti yake Charlotte alikuwa kwenye wale 30. Amesimulia hadharani jinsi wazazi walivyokuwa wanakutana kila wiki kuomba, na siku moja wako katikati ya Sala ya Bwana, walipofika pale pa utusamehe kama sisi tunavyowasamehe, wakakwama. Sala ile tumeikariri tangu utotoni, tunaisema hata tukiwa na usingizi, lakini siku ile hawakuweza kuimaliza, wakatawanyika hivyo hivyo. Baadaye walirudi. Wakaanza kujifunza kusamehe watu ambao muda huo huo bado wako na watoto wao porini, na hii siyo kusamehe baada ya mambo kuisha, ni kusamehe jeraha likiwa bado linavuja damu. Mama huyu akamtafuta mama mzazi wa yule kamanda aliyekuwa anamshikilia binti yake, akaenda kumwambia kwamba amemsamehe mwanawe. Halafu waasi wakaleta ujumbe kwamba anyamaze, aache kuwasema kwenye vyombo vya habari, naye atarudishiwa Charlotte wake. Akakataa. Akasema ni watoto wote.

Mhariri, nina mabinti. Niliposikia hiyo mara ya kwanza nilizima redio. Sijui kama mimi ningeweza na sitaki kudanganya hapa gazetini kwamba ningeweza. Lakini najua kwamba yule mama hakuwa na imani ndogo, na Charlotte alitoroka akarudi mwaka 2004, zaidi ya miaka saba baadaye, amerudi akiwa mama. Wenzake wengine walirudi mmoja mmoja kwa kutoroka, wengine walifia huko huko. Na katika miaka yote hiyo wazazi hawakukaa tu kusubiri malaika, walianzisha chama cha wazazi, wakasema kila mahali mpaka Umoja wa Mataifa ukasikia, wakawapigania hata watoto wa watu wengine ambao hawakuwa wa Aboke. Walikuwa wanaomba na wanatembea, wanalia na wanaandika barua, Jumamosi wanarudi tena kuomba. Mimi hiyo ndiyo naita kumtumaini Mungu, na ndiyo naita uaminifu, na haina uhusiano wowote na shida imekaa muda gani.

Nitamtaja na daktari Matthew Lukwiya kwa kifupi. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu alikuwa Kampala anasoma, akapigiwa simu kutoka hospitali ya Lacor akarudi mbio, ni yeye aliyeshtuka mapema kwamba hii siyo homa ya kawaida. Wauguzi wakaanza kufa, waliobaki wakaogopa, na nani angewalaumu, akakaa nao akaongea nao, akasema yeye kazi yake hataisaliti, na wengi wakaendelea. Ugonjwa ule ulishika watu 425 ukaua 224, na yeye mwenyewe ulimchukua tarehe 5 Desemba wakati tayari umeanza kupungua. Alikuwa mcha Mungu, tena wa kuimba. Sasa mwenye mafundisho yale atuambie alikosea wapi.

Wala sihitaji kwenda mbali, Maandiko yenyewe yamelisema hili wazi mpaka nashangaa tunavyolipita. Rafiki zake Ayubu walifanya jambo moja la maana sana, walikaa naye chini siku saba usiku na mchana hakuna aliyemwambia neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa. Wangeondoka siku ya saba tungewasifu mpaka leo. Wakafungua midomo, na wakaanza hiyo hiyo habari ya wewe lazima kuna kitu umefanya, sura baada ya sura, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa, tena anawaambia Ayubu ndiye atawaombea. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba utolewe na haukutolewa. Na wale vijana watatu wa tanuru la moto kule Babeli, tunapenda kuhubiri walivyotoka bila hata harufu ya moshi, lakini wao wenyewe kabla hawajatupwa walimwambia mfalme kwamba Mungu wetu anaweza kutuokoa, na hata kama si hivyo, hatutaisujudia sanamu yako. Hilo neno hata kama si hivyo silisikii siku hizi mimbarini. Linaogopwa. Labda kwa sababu halileti mbegu.

Jirani yangu ni mama wa Kinubi, Mwislamu. Kwao Ayubu nao ni nabii, na wakimtaja wanataja subira yake. Mume wangu alipoanguka huyu mama hakuniuliza kitu chochote, alikuja na uji kwenye chupa ya chai, akafagia uani kwangu, akamchukua mtoto wangu mdogo akalala kwake. Ilipofika Ramadhani kila jioni alikuwa anatutengea futari, mimi Mkristo ambaye sijafunga. Nimejifunza kwake mambo mengi kuhusu imani kuliko semina zote nilizohudhuria, Mungu ambariki na aendelee kumbariki.

Naomba niseme na hili ingawa litawaudhi wengine. Sisi hapa Uganda tumeshaona mtu akimkabidhi mhubiri akili yake yote inakuwaje. Tarehe 17 Machi 2000 kule Kanungu watu mamia waliteketea ndani ya jengo la kanisa, watu waliokuwa wameuza mali zao na kuwaachia viongozi wao, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa kwenye nyumba zao. Shakahola ya Kenya mwaka 2023 miili zaidi ya 400 imetolewa msituni, waliambiwa wafunge chakula mpaka wakutane na Yesu. Sisemi kila anayehubiri mbegu ni muuaji, hapana, wengi wanaamini wanachosema. Ila mlango wanaoingilia ni mmoja, ni pale mtu yuko kwenye shida ndefu, amechoka, na anaambiwa kwamba tatizo ni yeye na dawa wanayo wao. Hapa mtaani kwetu tumemzika kijana aliyeacha vidonge vya ukimwi baada ya kuombewa na kutangaziwa kwamba amepona, na alipoanza kukonda wakasema imani imemshuka. Alikuwa amevimeza vidonge vyake miaka bila kukosa, kijana wa watu, anafanya kazi, ana afya. Mume wangu anameza dawa ya presha kila asubuhi, na kabla ya kumeza anafumba macho anashukuru, na mimi sioni hapo kama kuna vita kati ya Mungu na kidonge.

Sasa mtu ataniuliza, basi kama shida haiondoki kumtumaini Mungu kuna faida gani, na huo uaminifu unaonekanaje. Nitajibu kwa habari ya baba yangu.

Baba alikuja Jinja kufanya kazi kiwandani, enzi hizo mji huu ulikuwa mji kweli, umeme wa bwawa la Owen Falls hapa hapa, viwanda vya nguo, mafuta, sabuni, na hizi nyumba za Walukuba zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, ndiyo maana mpaka leo ukitembea huku utasikia Kiswahili zaidi ya lugha nyingine maana watu walitoka kila kona. Mwaka 1972 Amin akawafukuza Wahindi, viwanda vikagawiwa, vipuri vikakosekana, mashine moja moja zikanyamaza. Sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kupanga foleni. Wakatokea matajiri wa ghafla tuliowaita mafuta mingi, na magendo ndiyo ikawa kazi ya mjini. Baba alikuwa mtu wa stoo. Anashika funguo za stoo ya vitambaa wakati mtu akiuza jora moja tu la magendo analisha nyumba yake mwezi mzima, na wenzake walikuwa wanauza, wengine walijenga. Baba hakuuza. Mama alikuwa anatupikia muhogo mchana muhogo usiku na hakuwahi kumwambia baba kwa nini usifanye kama wenzako, jioni wanaimba na kusali halafu tunalala.

Baba hakuja kuwa tajiri baadaye. Watu wakisikia habari kama hii huwa wanasubiri niseme kwamba mwishoni Mungu alimfungulia. Alizeeka, mafao yake alikuwa anayafuatilia Kampala mpaka akachoka, akafa yuko kwenye chumba cha kupanga. Siku ya mazishi alikuja mzee mmoja aliyefanya naye kazi, akasema mbele ya watu kwamba funguo za huyu mtu zilikuwa zinatunyima usingizi. Ndiyo urithi niliopata na sitaubadilisha na ghorofa la mtu yeyote.

Kwa hiyo mimi sokoni napimia mukene kwa kikombe kizima. Wenye biashara hii wanajua ninachosema, kuna vikombe vimebonyezwa chini, na kuna wanaochanganya mchanga ili uzito uongezeke, na unapokuwa na mgonjwa nyumbani na muhula unafunguliwa na mtoto amerudishwa kwa ajili ya ada ya shule, kile kikombe kilichobonyezwa kinakuita kwa jina lako. Hapo ndipo mimi naona imani inajaribiwa, zaidi hata ya kwenye mkesha. Kwenye mkesha kuna ngoma na wenzako na joto la watu. Sokoni saa saba mchana uko peke yako na kikombe.

Na mvua ikinyesha mukene uko juani Masese unaufunika na unasubiri, huwezi kuliamuru jua, utakachoweza ni kuhakikisha haujaoza mikononi mwako kabla jua halijatoka. Hivyo ndivyo naishi na hii hali ya mume wangu. Kuna siku nina maneno mengi ya kuomba na kuna siku sina hata moja, nakaa tu pembeni ya kitanda nasema Baba, basi, naishia hapo, na naamini anasikia.

Wakati wa lokidauni ya korona tuliona mambo haya kwa macho, sitaki kurefusha. Shule zilifungwa Machi 2020 hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 10 Januari 2022, walimu wa shule za binafsi wakakaa bila mshahara. Kulikuwa na mwalimu hapa mtaani alikuwa anabeba matofali asubuhi, jioni anawakusanya watoto wachache nyuma ya nyumba anawafundisha hesabu bila kudai kitu. Hakuwa na nguvu hata ya kuongea kwa sauti. Hajawahi kuitwa mbele kutoa ushuhuda.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Nawaomba wachungaji, mapadri na wazee wa makanisa wanaosoma gazeti hili. Jumapili mnapofika kwenye kipindi cha ushuhuda, wanaosimama siku zote ni waliopata, aliyepata kazi, aliyepata mtoto, aliyepona, aliyepata kiwanja, na tunapiga makofi na ni haki yao. Ila kwenye mabenchi ya nyuma kuna mama ameomba mtoto miaka na miaka, kuna baba mwanawe alikwenda Uarabuni kufanya kazi na simu imekata, kuna mtu kama mume wangu ambaye anashindwa kutamka. Wapeni nao dakika tano. Mtu asimame aseme, ndugu zangu, nimeomba na bado sijajibiwa, na niko hapa, nimekuja tena leo. Halafu msimwombee kwa kelele wala msimuulize maswali, mpigieni makofi kama mnavyowapigia wale wengine, na baada ya ibada mmoja wenu amsindikize nyumbani amchotee maji.

Kanisani kwetu nilimwomba mchungaji wetu hilo jambo, amekubali tuanze mwezi ujao, na mume wangu amesema atakuwa wa kwanza. Anafanya mazoezi ya kutamka jioni na binti yetu, sentensi anazo mbili tu, na amekataa nimsaidie kuzipunguza.

Msomaji wenu,
Mama wa Walukuba, Jinja